Maji Yakipwa Chake Chake

Ukiingia Chake Chake kwa gari hutajua kuwa umefika bandarini. Barabara ya kutoka Mkoani inapanda na kushuka kwa kilomita kama 30, mikarafuu huku, migomba kule, mabonde ya mpunga chini, halafu nyumba zinaanza kubanana juu ya kilima na kondakta wa daladala 603 anapiga bodi la gari kwa kiganja. Mwisho wa safari. Unashuka, unanyoosha mgongo, unatazama pande zote. Soko lipo. Msikiti upo. Mahakama ya zamani yenye mnara wa saa ipo. Bahari haipo.

Nami nilikuwa nimefuata bahari. Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia wa majahazi ya Tanga kabla ya Mapinduzi, akipeleka Pemba vitunguu na viazi vya Lushoto na kurudi na mbata. Uzeeni, kila akisikia mjukuu anasema anakwenda Pemba, alikuwa akicheka. "Nyinyi mwenda Pemba. Sisi tulikuwa tukiingia Chake." Kwake ilikuwa kuingia, kama mtu aingiavyo chumbani: jahazi linaacha bahari kuu, linapenya hori kati ya mikoko, majani yanasugua ubavu wa chombo, tanga linashushwa, mabaharia wanashika pondo, na mbele yao, juu ya kilima, gereza. Utotoni nilidhani babu alikuwa akiwapelekea wafungwa vitunguu. Alipokufa nikabaki na picha hiyo moja, jahazi na mikoko na gereza, na Oktoba iliyopita nikaona umri unakwenda. Nikafunga mkoba, nikavuka, niende nami nikaingie Chake.

Miji ya Pemba inaipa bahari kisogo. Mji Mkongwe wa Unguja umekaa ukingoni kabisa, unajionyesha kwa kila chombo kipitacho. Lamu hali kadhalika. Chake Chake imejificha mwisho wa hori upande wa magharibi, na Wete imejikunja ndani ya ghuba iliyozibwa na visiwa vidogo. Waarabu walikiita kisiwa hiki Al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, na aliyeko baharini anaielewa sababu: haoni mji wala nyumba, anaona kijani tu. Mkondo unaoitenga Pemba na bara una kina cha mamia ya mita na maji yake yana nguvu. Aliyefika hapa salama ama alikuwa anaijua njia, ama alikuwa na wa kumwongoza. Nadhani wenyeji walipenda iwe hivyo. Mgeni apige hodi kwanza.

Gereza la babu nililipata asubuhi ya siku ya pili, bila kulitafuta sana, kwa sababu lipo ubavuni mwa hospitali. Leo ni makumbusho ya Pemba. Kilichosalia ni kipande tu: ukuta mnene wa mawe na chokaa, vyumba vichache vyenye ubaridi wake, uwazi wa kuchungulia. Jengo linahesabiwa kuwa la karne ya 18, la enzi za Waarabu, lakini maelezo ya mwanzoni mwa karne ya 19 yanataja minara minne pembeni, miwili ya duara na miwili ya mraba, yote imeezekwa makuti. Minara ya duara ndiyo tuliyoizoea pwani. Ile ya mraba ndiyo inayowafanya watu wanong'one jina la Mreno.

Na sehemu kubwa ya ngome haipo. Ilibomolewa wakati wa Waingereza kupisha hospitali. Nilikwenda pale nimejiandaa kukasirika, maana sisi tunaoandika habari za magofu tuna hasira zetu za akiba. Nikasimama uani, nikasikia mtoto analia upande wa pili, halafu mwingine, na sauti ya mama akimwambia mwenzake akae kivulini, zamu yake bado. Kina mama na vichanga vyao, wamekaa pale zamani palipokaa askari wa Mazrui wa Mombasa na wa Busaidi wa Oman wakilinda kodi ya mchele. Hasira yangu ya akiba nikarudi nayo nyumbani haijatumika.

Neno gereza lenyewe lina safari ndefu kuliko yangu. Ni la Kireno, igreja, yaani kanisa. Wareno walijenga makanisa ndani ya ngome zao, Waswahili wakaiita ngome nzima gereza, kisha watawala waliofuata wakazitumia ngome kufungia watu, na kanisa likawa kifungo bila mtu yeyote kutoa amri. Babu alilitumia kwa maana ya katikati. Kwake gereza lilikuwa ngome, basi.

Tukizungumzia Wareno huwa tunataja Lisbon, kisha Mombasa. Tunasahau kituo kilichokuwa kati yao. Aliyekuwa na sauti juu ya pwani hii kwa muda mrefu alikuwa makamu wa mfalme aliyekaa Goa, India. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa msanifu wa ngome za Wareno huko India. Wanajeshi walitoka Goa, na msaada ukihitajika ulisubiriwa kutoka Goa kwa pepo za kaskazi. Chakula kilitoka Pemba. Mombasa ni jiwe ndani ya maji; Pemba ni bonde la mpunga. Aliyeishika Mombasa bila Pemba alikuwa na mlango mzuri wa nyumba isiyo na jiko.

Hilo halikubadilika Wareno walipofukuzwa Fort Jesus mwaka 1698. Mazrui wa Mombasa waliishika Pemba katika karne ya 18 na wakala mpunga uleule. Seyyid Said wa Oman alipotaka kuwabana Mazrui, hakuanza na Mombasa. Majeshi yake yaliichukua Pemba mwaka 1822 na 1823, na mezani Mombasa pakawa peupe. Mwaka 1824 Mazrui wakamwomba Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza awawekee ulinzi, wakitumaini miongoni mwa mengine kuirudisha Pemba. Ulinzi huo ulidumu miaka miwili tu na Pemba hawakuipata. Watoto wetu shuleni wanafundishwa kuhusu bendera hiyo ya Uingereza iliyopepea Mombasa mapema vile, na sababu zake za kisiasa na za kupinga biashara ya watumwa. Ningeongeza somo moja fupi juu ya wali.

Kuna jambo jingine ambalo Mreno husingiziwa Pemba, nalo ni mchezo wa ng'ombe. Fahali mwenye nundu anafungwa kamba, zumari linalia, wanawake wanaimba, na kijana mmoja mmoja anajitokeza kumchokoza na kumkwepa. Fahali hauawi, anarudi kwao kula majani. Kila kitabu cha watalii kinasema ni urithi wa Wareno, na wazee wengi nao sasa wanasema hivyo, pengine kwa kuwa watalii wamekwisha kuwaambia. Mimi nashuku. Barka, huko Oman, mafahali hupambanishwa wao kwa wao na huko pia Mreno ndiye anayetajwa. Lakini Madagaska vijana hurukia nundu ya ng'ombe, na Tamil Nadu, kusini mwa India, hivyohivyo, na hakuna anayekwenda kumwuliza Mreno. Penye fahali na kijana mwenye wachumba wanaomtazama, mchezo utapatikana.

Basi, tuje kwenye maji.

Siku hizi bandari ya Chake haiko Chake. Meli kubwa zinafunga Mkoani, kwenye kina, na vyombo vidogo vinatumia Wesha, nje ya mji kuelekea magharibi. Nilishuka Wesha siku ya tatu, nikamkuta nahodha mmoja mtu mzima akiziba ufa wa mashua kwa pamba na mafuta. Nikamsalimia, nikamweleza shida yangu: anipeleke Ras Mkumbuu, halafu tukirudi asinishushe Wesha, anipandishe horini mpaka chini ya mji.

Akaacha kuziba. "Chini ya mji kufanya nini?"

"Babu yangu aliingia hivyo, ami."

"Babu yako aliingia na bamvua," akasema. "Leo bamvua ipo. Lakini maji yatajaa saa kumi, na yakishageuka hayamngoji mtu. Saa kumi tuwe mdomoni mwa hori. Umesikia, mwanangu?"

Nilisikia. Kusikia si kufuata.

Ras Mkumbuu ni ulimi wa ardhi unaotoka magharibi ya Chake, na kwenye ncha yake kuna mji uliokufa. Msikiti mkubwa wa mawe umesimama bila paa, miti imeotea ndani, na pembeni mwake makaburi yenye nguzo. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliofukua chini ya msikiti huo walikuta dalili za misikiti iliyotangulia, ukiwamo wa miti, wa karibu karne ya 10. Msafiri na mwanahistoria Al-Masudi, aliyepita bahari hii mara ya mwisho mwaka 916 pamoja na mabaharia wa Oman na Siraf, aliandika juu ya kisiwa alichokiita Qanbalu, chenye wakazi Waislamu na jamaa ya kifalme. Watafiti wengi wanaona Qanbalu ni Pemba, na baadhi yao wanapaonyesha hapa kwa kidole. Mimi sikwenda kuamua kesi. Nilikaa juu ya jiwe, nikasahau saa.

Kilichonishika ni jinsi mji ulivyokaa. Pande mbili bahari, na wewe katikati kama mtu aliyekalia boriti. Hapa hapakuwa na kujificha. Mji huu ulitaka kuonekana: chombo kitokacho Uajemi au Gujarat kwa kaskazi, chenye vyungu na nguo na shanga, kiuone msikiti kutoka mbali na kijue pa kugeuzia usukani. Kisha mji huo ukaisha. Pujini, upande wa mashariki, nilikopita siku ya kwanza, nako kulikuwa na ngome ya udongo na mfereji wa kuingizia vyombo, kazi ya yule Mkama Ndume ambaye kila mtoto wa Pemba anajua kuwa aliwafanya watu wabebe mawe huku wakijiburuza kwa makalio. Mfereji huo leo ni mikoko. Ukihesabu bandari za Pemba unahesabu mahali ambapo maji yalikuwapo.

Niliinuka nahodha alipoanza kukohoa kikohozi kisicho cha mafua. Saa kumi ilikuwa imepita na robo tatu.

Alikuwa mwungwana, hakunisema. Alitia mashine moto na tukakata maji kuelekea mashariki, jua mgongoni. Njiani alinionyesha kaskazini kwa kidevu na kusema kwamba huko ndiko Shimoni. Januari 2001, baada ya mauaji ya kisiasa ya tarehe 26 na 27, zaidi ya watu 2,000 walivuka mkondo kutoka Pemba kukimbilia huko Kenya, wengine kwa vidau vya kuvulia. "Bahari ilikuwa nyeupe kwa matanga," alisema, akanyamaza, nami sikumchokonoa.

Tuliingia horini. Hapo niseme ukweli, kwa dakika kama ishirini babu alikuwa pamoja nami. Mikoko ilikaribia huku na huku. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yametulia, na nahodha akazima mashine akashika upondo kwa sababu mizizi ilikuwa karibu. Nikanyoosha mkono nikashika jani. Kulikuwa kimya isipokuwa ndege mmoja akipiga kelele ndani ya msitu na upondo ukiingia, ukitoka, ukiingia.

Kisha ukaingia na haukutoka.

Nahodha aliuvuta, ukatoka na kidonge cha tope jeusi chenye harufu ya yai viza. Akatazama ukingo wa mikoko, akaniambia nitazame pia. Alama ya maji kwenye mizizi ilikuwa imepanda juu ya maji kwa urefu wa kiganja, na tulipokuwa tukiitazama ikapanda zaidi. Mashua ikagusa, ikainama kidogo upande mmoja, ikakaa vizuri kama kuku anayeatamia. Maji yalikuwa yakiondoka mbele ya macho yetu, kwa adabu, bila mawimbi, na chini yake kulikuwa na uwanda wa tope unaong'aa, kaa wameanza kutoka kwenye mashimo yao.

"Hii ndiyo bandari ya babu yako," nahodha akasema. Akakaa, akatoa tambuu.

Alinieleza ambacho ningepaswa kujua. Hori halikuwa na kina sana hata zamani. Vyombo vilikuja na bamvua, vikakaa juu ya tope maji yakipwa, vikashusha mizigo, vikangoja bamvua nyingine. Watu walishuka kwa miguu wakiwa na magunia kichwani. Nikauliza na karafuu je. Na karafuu, akasema, zote, na kila gunia lilipita kwenye tope hili begani mwa mtu. Msafiri Richard Burton alitia nanga Pemba mwaka 1857 na kufika Chake. Nikamfikiria Mwingereza yule na masharubu yake katika tope hili. Picha ya babu ilianza kupata maelezo, na hayakuwa yale niliyoyatarajia. Hakuwahi kutuambia habari ya tope.

Mji ulikuwa karibu. Nilisikia adhana ya magharibi. Nahodha akasema yeye hawezi kuacha chombo, atalala hapohapo mpaka maji yarudi alfajiri. Mimi nikitaka niende, kuna njia ya wakata boriti ukingoni, nishike mizizi, nisisimame mahali pamoja. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia. Tope lilinifika magotini, mara moja mapajani. Nilishika mizizi, nilianguka, niliinuka, nikawacheka wasafiri wote wa vitabuni wanaoshuka kwenye bandari za kale kofia mkononi.

Nilitokea nyuma ya nyumba moja, giza limeingia. Watu walikuwa wamekaa barazani chini ya taa, jamvi katikati, chungu ya karafuu mbichi juu ya jamvi, wakichambua. Nilibisha hodi nikiwa mbali ili nisiwatishe. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa mwisho akainua uso, akanitazama toka miguu mpaka kichwa.

"Ntoto wa nani wewe?"

Nikamwambia natoka Tanga, mjukuu wa baharia. Akaona jibu linatosha. Akamtuma kijana alete ndoo ya maji na kata, akanionyesha pa kunawia, na nilipokwisha kunawa akanisogezea kigoda na fungu la vikonyo. "Kaa. Miguu yako ishaoga, mikono nayo ifanye kazi."

Kuchambua karafuu kunafundishwa kwa dakika moja na kunajulikana kwa miaka. Unashika kikonyo kwa mkono mmoja, unavisukuma vitumba vyake kwenye kiganja cha mkono wa pili, vinakatika vyote pamoja, karafuu huku, makonyo kule. Wajukuu wake walifanya mara tano wakati mimi nikifanya mara moja. Mikono inanata mafuta, kisha inawasha. Kesho zitaanikwa kwenye jamvi, siku tatu au nne za jua zuri, mpaka ziwe kahawia na zivunjike kwa sauti. Makonyo nayo hayatupwi. Yanakwenda kiwandani kukamuliwa mafuta.

Nilimwuliza bibi mikarafuu ni ya nani. Akasema ni yao, ya baba yake, lakini iliwahi kuwa si yao. Hapo ndipo India ilipoingia barazani.

Baba yake alikuwa na mikarafuu ya kwake, kama Wapemba wengi. Tofauti na Unguja, ambako mashamba makubwa ya Waarabu ndiyo yaliyotawala, hapa mtu mdogo naye alipanda au alipata sehemu ya miti aliyompandia tajiri. Lakini karafuu haitoi kila mwaka sawasawa. Mwaka mmoja mti unainama kwa kuzaa, mwaka unaofuata unakutazama tu. Katikati ya hapo kuna harusi, kuna msiba, kuna mchele. Basi ulikwenda dukani kwa Mhindi mjini Chake, ukachukua nguo na mchele, ukaweka mavuno ya mwaka ujao rehani. Hesabu ilikuwa kwa rupia, fedha ya India, iliyotumika Zanzibar mpaka shilingi ilipoingia mwaka 1936. "Baba alikuwa anasema, mkarafuu una mizizi miwili," bibi alieleza. "Mmoja shambani, mmoja dukani."

Duka la Chake lilikuwa tawi la mwisho la mti mkubwa. Huko juu zilikuwapo nyumba za biashara za Unguja, kama ile ya Jairam Shivji kutoka Kutch, iliyokodi forodha ya Zanzibar kwa Sultani kwa miongo mingi na kumkopesha Sultani mwenyewe. Juu zaidi kulikuwa na Bombay. Mnamo Aprili 1872 tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ikaigusa Pemba kidogo tu; bei ikapanda, na kila mwenye mtaji akaigeukia Pemba. Tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar ni ya hapa. Mikarafuu ilipandwa na kuchumwa na watumwa kwa miaka mingi, mpaka amri ya mwaka 1897 ilipoondoa utumwa kisheria, na Waingereza, waliokuwa wameuweka usultani chini ya himaya yao tangu 1890, wakajikuta na swali la nani atachuma na nani anamdai nani.

Jibu lao lilichelewa, na lilipokuja lilikuja kwa kishindo. Mwaka 1934 sheria mpya zilizuia ardhi ya Waarabu na Waafrika kuhamia mikononi mwa wengine bila ruhusa, na chama cha wakulima wa karafuu kikapewa nguvu. Sheria ya mwaka 1937 ikakipa biashara ya karafuu karibu yote. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar wakaona wametupwa nje ya mlango walioujenga. Wakapeleka kilio chao India, na chama cha Congress, kilichokuwa katikati ya vita vyake na Mwingereza huyohuyo, kikawataka Wahindi wasinunue karafuu za Zanzibar. India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa. Karafuu zikalala maghalani mpaka mapatano ya mwaka 1938. Fikiria mtu wa Pemba, ambaye hajawahi kufika Unguja, anachambua karafuu usiku kama tulivyokuwa tukichambua, na bei yake inaamuliwa kwenye mikutano ya hadhara ya Bombay na watu wanaopigania uhuru wao. Bibi alizaliwa baada ya hapo, lakini habari anayo. "Mwaka ambao Wahindi waligoma kula karafuu," alisema, na wajukuu wakacheka.

Nikamwuliza kama baba yake aliwachukia wale wenye maduka. Alifikiri, mikono haisimami. Alisema baba yake aliuchukia mkopo. Mwenye duka walizikana naye. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ile ilifunga duka ikaondoka, kama wengi, na mizani yao waliiacha kwake. Haijapata kupimia tena, maana karafuu sasa zinauzwa kwa shirika la serikali tu na wao wana mizani yao. Kuhusu zile zinazovuka usiku kwenda Mombasa wakati bei ya huko ni nzuri, bibi hakusema kitu, na nilikuwa nimekwisha jifunza siku hiyo kutochokonoa.

Kwa upande wa maneno, Mreno alitupa bendera, leso, meza na gereza. Kutoka India tulipata duka, pesa, laki, hundi, na gunia lililokuwa likifungwa mdomo mbele yangu. Mwaka 2023 India ilirudi Unguja kwa njia nyingine, chuo cha IIT Madras kilifungua tawi Bweleo, la kwanza nje ya nchi yao. Mjukuu mmoja wa bibi, binti wa kidato cha sita, aliniuliza kama najua ada yake. Nilimwambia atafute kwenye simu yangu, akatafuta huku kidole kinaacha alama ya mafuta kwenye kioo.

Walinipa chai na mkate wa mofa. Kijana akanisindikiza mpaka nyumba ya wageni, viatu mkononi, tukapita chini ya ngome ambayo kutoka upande ule ilikuwa kivuli tu, na taa za wodi nyuma yake.

Simu ililia kabla ya adhana ya alfajiri. Alikuwa nahodha, na nyuma ya sauti yake niliyasikia maji yakigonga ubao.

"Yamejaa," akasema. "Nimepanda nayo mpaka mwisho, naiona ngome yako. Mimi nimeshaingia Chake. Wewe viatu vimekauka?"